Rafu wazi au droo, daftari au simu: mpangilio gani wa nyumba unamfaa mwenye ADHD

Ushauri mwingi wa kupanga nyumba umetolewa na watu ambao kupanga hakuwasumbui. Wanakwambia kila kitu kiwe na mahali pake, ukimaliza kutumia urudishe, na kila jioni utenge dakika chache za kuweka mambo sawa. Mwenye ADHD, yaani hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutuliza umakini, kujizuia na kupangilia mambo, anayajua yote hayo, tena angeweza kuyafundisha. Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeichunguza hali hii kwa miongo mingi, amesisitiza mara kwa mara kwamba shida si kutojua la kufanya, bali kulifanya lile unalolijua, pale linapotakiwa na kwa wakati wake. Kwa hiyo kuongezewa maarifa hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kuibadilisha nyumba yenyewe, mpaka kurudisha kitu kuwe kwepesi kuliko kukiacha.

Wala huu si uvivu. DSM-5, mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013, unataja dalili 9 za kukosa umakini. Miongoni mwake zimo kupoteza vitu mara kwa mara, kushindwa kupangilia kazi, kusahau shughuli za kila siku na kukwepa kazi zinazodai akili itulie kwa muda mrefu. Funguo zinazopotea kila asubuhi zimo kwenye maelezo ya hali yenyewe.

Nimelinganisha hapa njia zinazopendekezwa sana, mbili mbili, kwa kipimo kimoja: mpangilio huu utadai nini ili urudi baada ya wiki mbaya? Siangalii unavyopendeza siku ya kwanza. Wiki mbaya itakuja tu, na mpangilio wowote utavurugika. Ila kuna unaorudishwa kwa nusu saa, na kuna unaodai Jumamosi nzima. Jumamosi hiyo haipatikani, kwa hiyo mpangilio nao haurudi.

Kuonekana au kufichwa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye tofauti kubwa kuliko pote.

Chukua chaja ya simu. Tuseme mahali pake ni boksi lenye kifuniko, ndani ya droo, ndani ya kabati la chumbani. Ili kuirudisha unatoka sebuleni, unafungua kabati, unavuta droo, unaondoa kilichowekwa juu ya boksi, unafungua kifuniko, unakunja waya, unaitia, unafunika, unarudisha kile cha juu, unasukuma droo, unafunga kabati. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo moja, amerudisha chaja. Kwa mwenye ADHD kila hatua ni upenyo ambao akili inaweza kuchomokea, na mara nyingi inachomokea pale pa kabati, kwa sababu ndani limeonekana shati lililotafutwa tangu wiki iliyopita. Chaja inaachwa kitandani, shati linapelekwa kupigwa pasi, na pasi haipo inapokaa.

Sasa weka kapu lisilo na kifuniko pembeni ya soketi. Chaja inadondoshwa humo. Basi.

Droo na makabati yana faida zake, tusiyaonee. Chumba kinaonekana kimetulia, vumbi haliingii, na mgeni akibisha hodi ghafla hakuna cha kukimbizana nacho. Wapo pia wenye ADHD ambao macho yao yanavutwa na kila kilicho mbele yao. Hao ukuta mtupu ni nafuu kwao, na rafu iliyojaa inawachosha kabla hawajaanza kazi. Lakini kilichofichwa kinasahaulika. Si kwamba mtu hajui kipo. Ukimuuliza atakuelekeza mpaka kwenye droo yenyewe. Ila hakimjii akilini kwa saa anayokihitaji, na ndivyo nyumba moja inavyojikuta na mikasi minne.

Sababu si ngumu kuielewa. Mwanasaikolojia Nelson Cowan alikadiria mwaka 2001 kwamba kumbukumbu ya papo kwa papo, ile inayoshika mambo wakati unayafanyia kazi, hubeba takriban vitu 4 kwa mara moja kwa mtu mzima. Wenye ADHD, kwa wastani, hufanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya kumbukumbu hiyo. Kila droo iliyofungwa inamwongezea mtu jambo la kubeba kichwani, ilhali kichwa kimeshajaa. Rafu wazi inakibebea.

Rafu wazi nayo ina kasoro isiyosemwa sana: macho huzoea. Karatasi ya kukumbusha ikibandikwa mlangoni, siku tatu za kwanza inaonekana. Ikikaa mwezi inakuwa sehemu ya mlango. Kwa hiyo kuweka wazi peke yake hakutoshi kwa mambo ya kukumbuka. Kitu kinatakiwa kihamehame, au kikae pale kinapokuzuia njia. Bahasha ya kupeleka posta, iweke juu ya viatu utakavyovaa kesho, usiiweke kwenye rafu ya nyaraka.

Chaguo langu ni hili: unachokitumia kila wiki kikae wazi, kwenye rafu, kulabu au kapu lisilofunikwa. Unachokitumia mara mbili au tatu kwa mwaka kiingie kabatini, na nje ya mlango ubandike karatasi inayosema kilichomo. Vya katikati viwekwe kwenye makontena yanayoonyesha ndani. Na kama macho yako ni ya wale wanaovutwa na kila kitu, pazia jepesi mbele ya rafu linatosha. Linafunguka kwa mkono mmoja, halina kitasa wala kishindo. Wengine wameng'oa milango ya makabati ya jikoni wakaishi hivyo miaka. Si pendezi sana, lakini sahani zinarudi.

Makundi makubwa au madogo

Kupanga kwa makundi madogo kunafurahisha siku ya kupanga. Betri peke yake, waya za simu peke yake, waya za kompyuta peke yake, kalamu za wino mweusi huku, za bluu kule. Faida yake ni kwamba ukitafuta unapata mara moja. Hasara inakuja wakati wa kurudisha, kwani inabidi uamue: waya huu ni wa simu au wa kompyuta, kama unafaa kote kuwili? Uamuzi mdogo tu, lakini unatosha kuuacha waya mezani.

Makundi makubwa yanageuza mambo. Kapu moja limeandikwa "WAYA". Kurudisha ni sekunde moja, kutafuta ni dakika mbili za kupekua. Hapa ushauri wa kawaida unakosea kwa watu wetu, kwa sababu unadhani kazi ngumu ni kutafuta. Kutafuta kuna msukumo wake: unakihitaji kitu sasa hivi, kwa hiyo utapekua. Kurudisha hakuna msukumo wowote. Rahisisha kule kusiko na msukumo.

Ninaachia vitu vichache tu nje ya kanuni hii: dawa, hati za kusafiria na vyeti, na chochote ambacho kukikosa dakika hiyo kunaleta madhara. Hivyo vipate mahali pake pekee, hata kama ni usumbufu. Karatasi nyingine zote ziingie kwenye boksi moja la mwaka huu, bila kupangwa. Mwaka ukiisha, liandike tarakimu za mwaka, lifunge, fungua jingine. Ukihitaji risiti ya miezi sita iliyopita, itakuwa karibu na katikati ya rundo, maana karatasi hujipanga zenyewe kwa tarehe zilivyoingia.

Mahali rasmi au mahali vinapoangukia

Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kapu la nguo chafu lililo bafuni haliokoti soksi zinazovuliwa sebuleni.

Kuna namna mbili za kukipa kitu mahali. Ya kwanza ni kuamua kwa mantiki: vifaa vya usafi stoo, mikasi droo ya ofisini, nguo chafu bafuni. Ya pili ni kutazama kwa siku kadhaa vitu vinaangukia wapi vyenyewe, kisha kupahalalisha hapo. Namna ya kwanza inaeleweka kwa kila anayeingia nyumbani, na kama mnaishi wengi ina uzito. Ya pili inaonekana kama kujisalimisha, lakini ndiyo inayodumu.

Nguo zinalionyesha hili kuliko kitu kingine. Karibu kila nyumba ina kiti chenye nguo ambazo si safi kiasi cha kurudi kabatini, wala si chafu kiasi cha kwenda kufuliwa. Watu wanakionea aibu kiti hicho. Mimi naona kinatoa taarifa: nyumba hii haina mahali pa nguo iliyovaliwa mara moja. Kabati halina nafasi hiyo, kapu la nguo chafu halina, kwa hiyo kiti kimejitolea. Ukikiondoa bila kuweka mbadala, rundo litahamia kitandani, na kutoka kitandani litahamia sakafuni. Pigilia kulabu nne au tano ukutani, palepale kilipokuwa kiti. Nguo zitaning'inia, zitapata hewa, na utaziona. Nasema kulabu, sisemi henga, na nina sababu: henga inataka mikono miwili, mabega ya shati yakae sawa, suruali ikunjwe kwenye mstari wake. Kulabu inataka mkono mmoja na kutupia.

Njia hii ina gharama zake. Itabidi uwe na vitu vya aina moja sehemu kadhaa: pipa la taka kila chumba, mkasi jikoni na mwingine mezani pa kazi, kitambaa cha kufutia kila penye sinki. Kwa anayependa nyumba yenye vitu vichache hilo linakera. Lakini pipa la pili linapunguza safari ambayo hukuwa unaifanya hata hivyo.

Kupunguza kwanza au kununua makapu kwanza

Hili ni jepesi. Kununua makapu, makontena na stika za lebo kunaleta raha ya haraka, tena ubongo wa ADHD hupenda sana zawadi ya papo hapo kuliko ile ya baadaye. Mtu anarudi na makapu kumi, anajiona ameshaanza kazi, na kesho yake makapu nayo ni sehemu ya msongamano. Punguza kwanza. Makapu yanunuliwe baada ya kujua kinachobaki, na kwa wiki za mwanzo maboksi matupu ya viatu yanatosha kabisa.

Tahadhari moja juu ya kupunguza: usifuate mtindo wa kumwaga kila kitu sakafuni ili "uone ulicho nacho". Nitaurudia hapo chini.

Kidogo kila siku au siku moja ya nguvu

Haba na haba hujaza kibaba, na kwa watu wengi kusafisha kidogo kidogo ndiyo njia bora. Shida ni kwamba kibaba hicho kinadai ukumbuke kila siku, na kukumbuka ndiko kunakopungua. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha mwaka 2010 utafiti wa watu waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia kuanza kujiendea yenyewe, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kutoka siku 18 hadi 254. Hao hawakuwa watu waliochaguliwa kwa sababu ya ADHD. Kuna jambo jingine walilolikuta ambalo naliona na maana zaidi kwetu: kuikosa siku moja hakukuvuruga ujenzi wa tabia. Mwenye ADHD huwa anaamini kinyume. Akikosa Jumanne, anahesabu wiki imeharibika, anasubiri Jumatatu, na Jumatatu inampita.

Siku moja ya nguvu ina mvuto wake. Kuna siku akili inashika jambo na haiachii. Mtu anaweza kusafisha saa sita mfululizo bila kukumbuka kula. Matokeo yanaonekana, na kuyaona kunatia moyo. Hatari iko kwenye jinsi siku hiyo inavyokwisha. Saa nne asubuhi nguo zote zimetolewa kabatini zikarundikwa kitandani. Saa nane mchana ari imekatika, na zimebaki zote pale pale. Usiku mtu anazisukuma upande wa ukutani ili apate pa kulala. Hapa ndipo mtindo wa kumwaga kila kitu unapowaumiza watu: unafanya nyumba iwe mbaya kabla haijawa nzuri, na katikati hapo hakuna pa kusimamia.

Ukiwa mtu wa siku ya nguvu, usijilazimishe kuwa mtu wa kila siku. Ila shika sharti moja: usitoe nje zaidi ya unachoweza kurudisha kabla hujachoka. Droo moja. Ikirudi mahali pake ndipo uvute ya pili. Hapo ukikatika, umekatika ukiwa na droo tatu safi badala ya kabati zima lililo tupu.

Kuna njia ya tatu, nayo naipendelea kuliko hizo mbili: kuifunga kazi ndogo kwenye jambo ambalo tayari linatokea. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 jinsi mipango ya "ikitokea hiki, nitafanya kile" inavyowasaidia watu kutekeleza nia zao kuliko nia ya jumla ya "nitajitahidi". Kwa hiyo badala ya "nitakuwa nasafisha jikoni", sema: birika likianza kuchemka, nitapanga vyombo vilivyokauka. Huhitaji kukumbuka, birika linakukumbusha. Na wakati wa kusubiri birika ulikuwa unapotea tu mbele ya simu.

Kuhusu vipima muda, mbinu maarufu ya dakika 25 za kazi na 5 za mapumziko ilibuniwa na Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi, kwa ajili ya masomo. Kwa kazi za nyumbani naona 25 ni nyingi. Kumi zinatosha, na ukitaka kuendelea hakuna atakayekuzuia. Ninachopendekeza zaidi ni kupima mara moja tu kazi unayoichukia inachukua muda gani. Wengi wetu hatuuhisi muda vizuri. Kuosha vyombo vya jioni kunaonekana ni saa nzima, saa inasema dakika 12. Ukishaijua namba hiyo, sinki haliogopeshi kama zamani. Na kama unaweza, tumia saa ya mshale au ile inayoonyesha muda uliobaki kwa rangi, iliyo mbali na simu. Ukiishika simu ili kuzima kengele, hujui utaiweka chini saa ngapi.

Daftari au simu

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, lakini daftari lenyewe likipotea je? Ulinganisho huu ni wa moja kwa moja, kwa hiyo jedwali linafaa.

| | Daftari au ubao ukutani | Simu |
|---|---|---|
| Kukumbusha kwa saa yake | Hakuna, mpaka utazame | Inalia |
| Kuandika haraka | Haraka sana kama kalamu imefungwa hapo hapo | Inategemea umefungua nini kwanza |
| Hatari ya kuvutwa na mengine | Ndogo | Kubwa mno |
| Kuwa nalo ukiwa nje | Daftari huenda, ubao hauendi | Ipo daima |
| Kuonwa na wote nyumbani | Ubao: ndiyo | Kwa aliyeunganishwa tu |
| Kurudi baada ya kuachwa wiki mbili | Fungua ukurasa mpya | Futa vikumbusho vyote vilivyochelewa |

Mstari wa mwisho ndio unaoniamulia. Programu ya kazi iliyoachwa wiki mbili inakupokea na rundo la vikumbusho vyekundu, kila kimoja kikikwambia umechelewa siku ngapi. Watu wengi hapo huifunga na kutafuta programu mpya. Daftari halikuhesabii.

Lakini daftari haliwezi kulia saa tisa alasiri. Kwa hiyo usichague kimoja kwa mambo yote: chenye saa yake, kama miadi, dawa, kumchukua mtoto, kiingie kwenye simu na kengele mbili, moja ya kujiandaa na moja ya kuondoka. Kisicho na saa, kama kurekebisha bomba au kununua balbu, kiende ubaoni. Usinakili jambo moja sehemu zote mbili, kwani siku zikipita huelewi orodha ipi ndiyo ya kweli.

Pia punguza kengele. Simu inayolia mara ishirini kwa siku inazimwa bila kusikilizwa. Na kengele isizimwe kabla hujaanza kufanya. Kama huwezi kuanza sasa, iahirishe kwa dakika kumi badala ya kuizima ukijiambia utakumbuka.

Peke yako au mbele ya mtu

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wengi wenye ADHD hugundua kwamba wanaweza kukunja nguo za wiki nzima ikiwa kuna mtu chumbani, hata kama mtu huyo hagusi nguo hata moja, anasoma kitabu chake tu. Wengine hupiga simu ya video na rafiki, kila mmoja anafanya yake kwake, wanaongea kidogo au hawaongei kabisa.

Kufanya peke yako kunakupa uhuru wa saa, huoni haya, na hutegemei nafasi ya mtu. Kufanya mbele ya mtu kunakupa mwanzo na mwisho, vitu viwili vinavyokosekana. Angalizo langu ni kwenye kumchagua huyo mtu. Asiwe anayekuelekeza, wala anayeguna akiona stoo yako. Mwenza wako anaweza kuwa ndiye mtu mbaya kuliko wote kwa kazi hii, kwa sababu fujo hiyo ni yake pia.

Mkiwa wawili na mmoja hana ADHD

Hapa ndipo miongozo mingi inaponyamaza, na ndipo nyumba nyingi zinapogombana.

Kwa asiye na ADHD, meza iliyojaa ni meza chafu. Kwa mwenye ADHD, meza hiyo hiyo inaweza kuwa ndiyo kumbukumbu yake. Bili iko pale ili ilipwe. Bisibisi iko pale kwa sababu mguu wa kiti bado unacheza. Bahasha ya wazi inamkumbusha kujibu barua. Sasa mwenza anakuja kwa nia njema kabisa, anakusanya kila kitu, anaiweka bili kwenye droo ya karatasi, bisibisi kwenye boksi la zana, anaifuta meza. Amesafisha, na wakati huo huo amefuta kazi tatu kwenye kichwa cha mwenzake. Wiki tatu baadaye bili imepitiliza, kiti bado kinacheza, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyeharibu.

Mara nyingi suluhisho linalopendekezwa ni mmoja kumfuata mwingine. Kumfuata asiye na ADHD, meza tupu na kila kitu kabatini, kunaleta amani ya macho na kumwacha mwingine bila vikumbusho. Kumfuata mwenye ADHD, kila kitu wazi kila mahali, kunamnyima mwenzake utulivu nyumbani mwake. Sioni haki kwenye lolote kati ya hayo.

Kinachofanya kazi zaidi ni kugawana nyuso, kwa maana ya kawaida kabisa ya juu ya meza, juu ya kabati na kingo za dirisha. Baadhi ziwe tupu daima, kwa makubaliano, na mwenye ADHD aziheshimu. Moja au mbili ziwe zake, na mwenzake asiziguse hata zikimuuma. Akikuta bili kwenye uso mtupu, haipeleki kwenye droo, anaihamishia kwenye uso wa mwenzake, kwenye sinia kubwa lenye kingo. Kingo zina maana: sinia likifurika, wote wawili wanaliona kwa wakati mmoja, na hakuna anayehitaji kumwambia mwenzake kwamba muda wa kulipunguza umefika.

Mengine ni ya lugha. "Mbona umeacha hivi?" haijibiki. "Hii bisibisi ina kazi, au nirudishe?" inajibika kwa neno moja.

Kwa watoto wenye ADHD mambo ni yale yale, ila lebo ziwe picha hata kama wanajua kusoma, na makapu yawe sakafuni. Mtoto hatatafuta kigoda ili arudishe mpira.

Je, dawa hazitoshi?

Baadhi huuliza kama matibabu yangewaondolea haja ya makapu na kulabu. Hilo la kuanza au kubadilisha dawa ni lako na daktari wako. Ila kuna utafiti unaogusa swali hili moja kwa moja. Mwaka 2010 Steven Safren na wenzake walichapisha kwenye jarida la JAMA matokeo ya watu wazima 86 wenye ADHD ambao tayari walikuwa wanatumia dawa na bado walikuwa na dalili. Kundi moja lilipewa tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na vitendo, ambayo iliwafundisha kwanza kabisa kutumia kalenda na orodha moja ya kazi. Jingine lilifundishwa kutuliza mwili. La kwanza lilipata nafuu kubwa zaidi. Kwa hiyo dawa kwa wengi inasaidia kuanza na kudumu kwenye jambo, lakini kapu bado linatakiwa liwepo pale mkono unapodondosha chaja.

Uanzie wapi

Usianzie chumba kibaya kuliko vyote. Anzia pale panapokugharimu kila siku, na kwa wengi hapo ni mlangoni: kulabu ya funguo, bakuli la pochi na miwani, kapu la kitu chochote kinachotakiwa kutoka nje kesho. Ni kazi ya chini ya saa moja. Kisha uache wiki mbili bila kugusa kitu kingine. Funguo zikianza kulala juu ya friji badala ya kwenye kulabu, usijilaumu na usiweke kikumbusho. Ing'oe kulabu, ukaipigilie pembeni ya friji.